Samaki Jike Kwenye Chupa

Mama tulimzika Jumamosi, kule Marungu. Leo, nikifagia nyumba yake ya Voi, nimekuta majani makavu ya mti wa mkungu ndani ya mkebe. Harufu yake, kama chai iliyolala, imenirudisha utotoni.

Baba, mfanyakazi wa reli, alikuwa ameleta samaki wawili wa mapambo, aina ya beta. Dume, mwekundu mwenye mapezi marefu, alikaa kwenye tangi la kioo. Jike alikaa kwenye chupa ya jamu. Majani ya mkungu tuliyaloweka ndani ya maji yao ili yalainike kidogo, kwa kuwa maji yetu yana chumvi.

Mama hakupenda. "Baba watoto, mume na mke hawalazwi nyumba mbili."

"Hao si Wakristo, mama watoto. Ukiwaweka pamoja, dume atamuua."

Baba alipoenda kazini, mama alimmimina jike tangini. Dume alimzunguka polepole, mapezi ameyatandaza.

"Unaona?" mama aliniambia, akicheka.

Kisha dume akaanza kumng'ata. Vipande vya mkia vikaelea. Mama alitumbukiza mkono, akauweka katikati yao, akanipigia kelele nilete kichungi cha chai.

Tulimrudisha jike chupani. Alilala ubavu, akihema. Mama aliketi mbele yake hadi jioni, bila kupika.

Baba aliporudi, aliitazama chupa, akamtazama mama. Alivua koti la kazi, akawasha jiko, akasonga ugali mwenyewe.