Bolti Iliyolegea Njia ya Nzega

Nilikwenda Nzega kumchukua mke wangu. Nyamizi alikuwa amejifungulia mtoto wetu wa kwanza kwao, kama ilivyo desturi, na baba yake alinitumia neno: "Gari langu likija na injini nzuri, mwanangu na mjukuu wangu watarudi Tabora ndani yake." Injini hiyo nilikuwa nimeifungua yote karakanani Tabora na kuiunda upya mwenyewe. Siku zile za Mwingereza, fundi Mwafrika aliyeachiwa injini nzima bila msimamizi alikuwa adimu. Nakiri nilivimba kichwa.

Alfajiri tuliondoka Ng'ambo, mtaa wetu wa Tabora, mimi na Mzee Maganga, mjomba wa Nyamizi, ambaye ndiye aliyeniletea habari za mtoto wiki iliyotangulia. Gari liliteleza vizuri hata nikaanza kuimba.

Saa tatu hivi nikasikia kelele mbele ya injini, kama mtu anayepepeta choroko. Nilipoinua mguu kwenye mafuta, ikazidi.

"Hiyo nini?" Mzee Maganga akauliza.

"Valvu tu, mjomba. Injini mpya lazima ijizoeze."

Nilimdanganya, baada ya kujidanganya mwenyewe.

Kwenye kijiji cha mbele nilisimama uani kwa mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo. Nilimwamkia, nikamwomba maji.

"Marahaba. Gari linaumwa?"

"Linaumwa, mama, na sijui wapi."

"Basi uliza pole pole. Mgonjwa hafokewi."

Niliweka ncha ya bisibisi juu ya valvu na mpini sikioni: shwari. Nikavua mkanda wa feni, nikawasha kidogo. Kelele ikabaki palepale, kwa hiyo dinamo na pampu ya maji hazikuwa na kosa. Niliposogeza bisibisi kwenye mfuniko wa mbele, mpini ulinitetemekea sikioni. Ilikuwa cheni ya taiming, ile inayozifungua valvu kwa wakati wake. Ikiruka meno, injini mpya ingeweza kuwa chuma chakavu.

Hadi adhuhuri nilikuwa nimetoa rejeta, puli na mfuniko. Kikaza cheni kilikuwa kinaning'inia, bolti yake imetoka nusu. Hapo nikakumbuka. Bolti hiyo ndiyo niliyokuwa nikiikaza Mzee Maganga alipofika. Kwetu mgeni hasalimiwi umesimama na spana mkononi, sembuse mkwe. Niliiweka chini, nikachutama, nikapiga makofi ya heshima, nikauliza hali ya kila mtu, kisha ugali ukaletwa. Niliporudi, kwa furaha ya mtoto, nikafunga mfuniko.

"Kumbe mimi ndiye niliyekuja vibaya," akasema mzee.

"Ulikuja vizuri, mjomba. Mimi ndiye niliyerudi kazini vibaya."

Alama za cheni zilikuwa bado zimelingana. Nikakaza, nikafunga, tukaondoka bila kelele.

"Gari limepona," akaniambia Mzee Maganga tulipoikaribia Nzega. "Ya nini kumwambia baba mkwe wako?"

Jioni baba mkwe aliinamia injini, akatabasamu. "Kesho mchukue mkeo." Nyamizi akaniwekea mtoto mikononi. Alikuwa mwepesi mno, nikaogopa.

"Baba, lilipiga kelele njiani," nikasema. "Kuna bolti niliisahau mimi."

Akafunga boneti. "Ungenificha, ningejua?"

"Usingejua, baba."

"Basi gari libaki, na wao wabaki. Nitaliendesha mwenyewe mpaka niridhike."

Nyamizi alimchukua mtoto akaingia ndani bila kunitazama. Iliniuma sana.

Kesho yake nilirudi Tabora peke yangu, juu ya magunia ya pamba kwenye lori. Tangu safari ile, mgeni akinikuta na spana kwenye bolti, namwamkia kwa mdomo tu, nakaza kwanza, ndipo nachutama. Wako wanaosema ufundi umeniharibu adabu, na kila mara naona haya kweli. Lakini nakaza.

Mwezi wa pili baada ya safari ile, gari lile lilisimama mbele ya karakana. Baba mkwe alikuwa kwenye usukani, Nyamizi na mtoto nyuma. Nikaweka spana chini, nikaanza kuchutama. Hakuzima injini. Alishuka, akafungua boneti, akaniinua kwa mkono.

"Sikiliza kwanza," akasema. "Tutaamkiana baadaye."