Siku Waliyomfukuza Kidega Wodini

Mwanamume kulala chini ya kitanda cha mkewe katika wodi ya wanawake si jambo la kila siku, hata Kampala, mji ulioona mengi. Mzee Kidega alilala hapo siku kumi. Aliutandika mkeka wake uvunguni, na alfajiri, kabla wanawake hawajaanza kuoga, akaukunja, akatoka na kusimama kando ya mlango mpaka aitwe. Alikuwa sajini mstaafu wa polisi, mrefu kama mlingoti, na usiku miguu yake ilitokeza nje ya uvungu, kwa hiyo hakuna aliyepita bila kujua sajini yupo.

Watu wanaouguza jamaa zao wodini, wenyeji wa Kampala huwaita bajanjabi. Hao ndio wanaofua, wanaopika, wanaolisha na kuogesha. Sista na daktari wana kazi zao. Bajanjabi wa wodi ile wote walikuwa wanawake isipokuwa Kidega. Mwanzoni walimnung'unikia. Siku ya nne wakaanza kumwita Mama Kidega, naye akaitika, kwa sababu aliwashinda kwa kukamua nguo na uji wake wa wimbi haukuwa na donge hata moja.

Aliyelala kitandani ni Rosalba, mkewe kwa miaka thelathini na mitatu ya ndoa. Utumbo wake ulijisokota, wakampasua, wakaunyoosha na kumshona. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya tatu daktari akasema mama aanze kutembea, hata hatua tano tano, kifua kisije kikajaa kwa kulala. Kidega akamwinua. Rosalba akatoa sauti moja tu, "Aa!" na Kidega akamlaza tena haraka, akamfunika mpaka kidevuni. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Tangu hapo, kila daktari alipouliza kama mama anatembea, Kidega alisimama wima na kujibu, "Kidogo kidogo, daktari."

Uongo mtupu. Mtu aliyetumikia polisi miaka ishirini na minane bila kuandika ripoti ya uongo, akaidanganya wodi nzima kwa ajili ya "aa" moja! Lakini msimcheke bado, sikilizeni kwanza.

Vita vilipoingia Kampala mwanzoni mwa mwaka 1986, polisi wengi wa kaskazini walikimbia, maana hakuna aliyejua hao waliokuja na bunduki watawafanya nini. Kidega alikimbilia Gulu. Alimwacha Rosalba na watoto katika kambi ya polisi ya Naguru akiamini mwanamke na watoto hawataguswa, na kweli, hakuna mtu aliyewagusa. Iliyowagusa ni surua. Aliporudi mwezi wa sita alionyeshwa kaburi dogo la Akwero, kitinda mimba wao, aliyekuwa na miaka mitatu. Hakulia. Ila alijiapia kimoyomoyo kwamba hakuna mtu wake mwingine atakayekufa yeye akiwa hayupo. Sasa ulikuwa mwaka 1995, watoto waliobaki ni watu wazima huko kaskazini, na kwa ajili ya vita vya huko, barabara ya kwenda kwao miaka ile haikuwa ya kwenda na kurudi. Karibu yake alibaki mtu mmoja tu. Ndiyo maana hakutoka wodini: aliogopa kwamba akigeuka tu, Rosalba atakwenda.

Siku ya kumi, Ijumaa, daktari aliweka chombo chake mgongoni mwa Rosalba, akasikiliza, akasikiliza tena, akakunja uso.

"Kifua kimeanza kulia," alisema. "Mama, kweli wewe unatembea?"

Rosalba alimtazama mumewe. Kidega alitazama dari.

"Nitatembea," Rosalba alisema.

Jumamosi saa tano asubuhi wazee wawili wakatokea mlangoni, kofia mkononi. Mmoja alikuwa Sulaimani, Mnubi wa Kasubi, mpishi wa mesi ya polisi enzi hizo. Wa pili Mumbere, Mkonjo mwembamba, dereva wa polisi aliyestaafu na pikapu ambayo ilikuwa imestaafu kabla yake.

"Kidega, vaa viatu," Sulaimani alisema. "Leo wewe nakula kwangu."

"Mimi hapana toka hapa."

"Nani nauliza wewe? Gari iko nje nanguruma. Ikizima, hii hapana waka tena mpaka Pasaka."

Kitanda cha jirani kilikuwa cha mama mkwe wa Nabalayo, Mkenya mwenye kibanda cha chai na chapati huko Kamwokya. Nabalayo aliweka mikono kiunoni. "Mzee, si uende tu? Sisi tuko hapa. Uji atapewa, shuka nitabadilisha. Wewe siku hizi unanuka dawa kuliko wagonjwa wenyewe."

Wodi ikacheka. Kidega akamwinamia mkewe. Wao wawili walizungumza Kiacholi, lugha ambayo hakuna kati yao aliyehitaji kuivunja-vunja.

"Nenda," Rosalba alisema. "Nimechoka kukutazama."

"Na ukizidiwa?"

"Nikizidiwa, sista yupo, Nabalayo yupo, na wanawake ishirini wapo. Wewe utanifanyia nini, utanipigia saluti?"

Alitabasamu, lakini hakuwa anatania sana. Kidega akamkabidhi Nabalayo zamu yake kama askari anavyokabidhi lindo: mto huu wa mgongoni, huu wa miguuni, maji ya baridi marufuku, akikohoa ashikwe hapa kwenye mshono, asiinuliwe peke yake, asiinuliwe kabisa. Nabalayo akaitikia kila jambo, "Ndiyo, afande." Kila akiitikia, Rosalba aligeuza uso ukutani.

Uani kwa Sulaimani palikuwa na mkeka, kivuli cha mabati, na samaki wa mchuzi pamoja na gurusa, ile mikate laini ya Kinubi inayochovywa mpaka vidole vinang'aa. Kidega alikaa amegeukia njia. Tonge la kwanza alilimeza kwa adabu, la pili kwa adabu, la tatu njaa ikamkumbuka. Siku kumi alikuwa akila makombo ya mgonjwa akiwa amesimama. Sulaimani alimwongezea mara tatu bila kusema neno, na kwa Sulaimani kunyamaza ni kazi kubwa.

Baadaye wakaleta ubao wa mweso, lile bao la Kiganda. Mumbere na mweso ni hadithi nyingine: kwa miaka ishirini alikuwa akificha kete chini ya kidole gumba, na kwa miaka ishirini akikamatwa aliapa kwa jina la mama yake. Siku hiyo Kidega alimwacha aibe mbili. Alipoiba ya tatu akamshika kidole.

"Sajini, hii kidole iko na ugonjwa," Mumbere alisema kwa sauti ya huzuni. "Naganda na kete."

Kidega akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko kilichokuwa kimekaa ndani siku kumi, kisha katikati yake akanyamaza ghafla. Alijisikia mchafu.

"Mimi nacheka," alisema. "Na Rosalba iko vile."

Sulaimani alizikusanya kete taratibu. "Mimi nauguza bibi yangu, Mama Abdu, miezi saba. Unakumbuka. Hata siku moja mimi hapana cheka. Mimi nasema, nikicheka Mungu ataona mimi hapana penda yeye." Akazimwaga kete ubaoni. "Na yeye nakufa tu. Cheza."

Walicheza. Kidega alishindwa mara mbili, akajinyoosha mkekani apumzishe mgongo kidogo tu. Usingizi ukamchukua mzimamzima.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Saa kumi! Akaruka, kiatu kimoja mguuni.

"Kwa nini hapana amusha mimi?"

"Mama nakataza," Mumbere alisema.

"Mama gani?"

Sulaimani alimtazama Mumbere kwa jicho ambalo, mesini, lilikuwa likifukuza watumishi kazi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Rosalba," Mumbere alisema. "Jana jioni natuma ile Mukenya mpaka hapa. Anasema, mutoe Kidega, mumupe chakula, akilala musimuamushe."

Kidega akaketi. Mke amwondoe mumewe kando ya kitanda kwa hila, kwa nini? Alijua jibu moja tu. Kwao aliwahi kusikia kwamba mtu anayehisi siku zake zimefika huwaondoa awapendao, wasimwone akienda. Kifua kimeanza kulia. "Nimechoka kukutazama." Kumbe alikuwa anaaga. Mara ya pili katika maisha yake Kidega alikuwa mbali, tumbo limejaa samaki, na mtu wake anakufa.

"Endesha," alimwambia Mumbere, akitumbukiza mguu katika kiatu cha pili.

Pikapu ilisukumwa na majirani wanne mpaka ikakubali. Njiani Kidega alishika mlango ambao haukufungika na kuomba kwa Kiacholi, kwa Kilatini kidogo alichobakiza kutoka utotoni, na kwa Kiswahili cha kambini, ili Mungu asipate kisingizio.

Waliingia kwa geti la nyuma, ambako bajanjabi hupika na kuanika nguo. Kidega akashuka kabla gari halijasimama. Kati ya kamba za kuanikia, mwanamke mmoja aliyevaa sweta kubwa la buluu alikuwa akitembea amejikunja, mkono tumboni. Wanawake wawili walimfuata hatua moja nyuma bila kumgusa. "Aa," alisema kila alipokanyaga. "Aa." Maskini, Kidega aliwaza huku akimpita, huyu naye hana mtu wa kumhurumia? Akapiga hatua mbili zaidi. Kisha akalijua lile sweta. Lilikuwa lake mwenyewe.

"Mnamuua!" alipaza sauti, akapangua shuka zilizoanikwa.

"Mzee, simama hapo hapo!" Nabalayo alifoka, na sajini wa miaka ishirini na minane akasimama.

Rosalba alishika nguzo, akavuta pumzi. Uso ulikuwa umelowa jasho, lakini macho yalikuwa yake yale ya siku zote, ambayo Kidega hakuwa ameyaona kwa siku kumi na moja.

"Hii ni mara ya nne leo," alimwambia kwa Kiacholi. "Ya kwanza nililia mpaka sista akaja mbio. Ya pili nikatapika uji. Ya tatu nikafika bombani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara ngapi? Nikisema aa, unanilaza. Nikikunja uso, unanilaza. Unamjibu daktari kwa niaba yangu. Kidega, nilikuwa nakufa kwa huruma yako."

Neno lile lilimwingia mahali pake. "Niliapa," alisema. "Baada ya Akwero niliapa kwamba..."

"Najua ulichoapa. Hukuniambia, lakini miaka tisa sijalala na jiwe, nimelala na mtu." Rosalba akapumzika kidogo, kisha akaendelea polepole, kwa kuwa pumzi zilikuwa chache na hakutaka kuzipoteza. "Akwero alikufa kwa surua. Alikufa mapajani mwangu, saa nne asubuhi, wanawake wa kambi wamenizunguka. Mama Abdu ndiye aliyemfumba macho. Walinipikia, wakafua nguo zangu, wakalala nami sakafuni wiki mbili. Ungekuwepo angekufa vilevile. Tofauti ni kwamba ungekuwepo. Nilikulilia wewe, ndiyo. Lakini sikuwa peke yangu, na mtoto hakuwa peke yake. Usimnyang'anye mwanangu kifo kizuri alichokufa."

Hapo ndipo Kidega alipolia. Alilia kwa sauti, katikati ya nguo za watu, kilio kilichochelewa miaka tisa. Nabalayo hakuelewa neno hata moja la yale yaliyosemwa, lakini naye alifuta macho kwa upande wa leso na kujifanya anapanga vibanio. Rosalba alimwacha alie. Alimpenda sana saa ile, mzee yule mrefu aliyevaa viatu bila kufunga kamba, na kwa sababu alimpenda hakumwonea huruma.

"Futa uso," alisema mwishoni. "Sasa nenda kwenye nguzo ile ya mwisho. Usinifuate na usinipokee. Simama tu."

Kidega akaenda. Hatua ndefu tano, sita. Akageuka, akasimama wima, akaipeleka mikono nyuma ya mgongo na kuukamata mkono mmoja kwa mwingine kwa nguvu, kama mtu aliyekamata mhalifu.

Rosalba akaiacha nguzo. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya tano akayumba. Nabalayo alinyoosha mkono, akaurudisha. Ya saba mshono ukamvuta, akajikunja na kutoa ile sauti. "Aa!"

Kidega hakusogea. Katika kazi yake alikuwa amesimama kwenye mvua, mbele ya mawe, mara moja mbele ya bunduki. Hakuna lindo lililomchosha kama lile. Machozi yalishuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, maana angeiachia mikono, ingekimbia.

Ya tisa. Ya kumi. Rosalba alifika, akaweka paji la uso kwenye kifua cha mumewe, na wote wawili wakahema.

"Unanuka samaki," alisema.

"Sulaimani alinilazimisha."

"Ulicheka?"

Kidega alifikiria kudanganya. "Nilicheka. Mumbere ana kidole kigonjwa."

Rosalba akaanza kucheka, akashika mshono kwa maumivu, akaendelea kucheka polepole palepale kifuani. Kidega bado alikuwa na mikono nyuma.

"Sasa unaweza kunishika," alisema, naye akamshika. "Na kesho urudi kwa Sulaimani. Kuna ngazi nataka kuipanda, na wewe ukiwepo haipandiki."