Joho Lililobaki Dukani

Mafundi cherehani tunawajua. Unapeleka suruali ipunguzwe pindo, unaambiwa njoo kesho. Kesho ukienda, fundi anakutazama kama hamjawahi kuonana, anachokoachokoa rundo la nguo, halafu anakwambia njoo kesho kutwa. Suruali inakaa huko mpaka unanenepa na haikutoshi tena. Sasa huyu wetu hakuwa wa namna hiyo, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Leoleo. Ukimletea nguo asubuhi, jioni unaivaa. Miaka yote ya kushona, maneno "njoo kesho" hayakuwahi kumtoka mdomoni, na alijivunia hilo kuliko watu wengine wanavyojivunia nyumba na watoto. Nyumba hakuwa nayo, na watoto hakujaliwa.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha kupanga nyuma ya jengo la mahakama: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na misumari ukutani ya kutundikia kazi. Alishona majoho ya mawakili. Nguo nyingine alishona pia, lakini kwa joho hapakuwa na mwingine mjini wa kumfikia. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga mahakamani. Sheria aliijulia mabegani mwa wateja wake: wakili mwenye kesi ngumu, alisema, huja na bega moja limeshuka kwa uzito wa mafaili.

Alichojaliwa ni mpwa, binti wa marehemu dada yake, aliyekulia chini ya ile meza ya kukatia akichezea vipande vya kitambaa cheusi. Mawakili wakija kupimwa, walibishana kesi zao juu ya kichwa chake, naye kule chini ametega sikio. Alipofika umri wa kuulizwa anataka kuwa nani, hakuna aliyejisumbua kuuliza. Kila joho lililotoka dukani liligeuka sare, vitabu, ada ya chuo, mpaka siku binti mwenyewe akaapishwa kuwa wakili. Joho lake Mjomba alilishona kwa mkono, tangu kola mpaka pindo. Akasema cherehani ni ya watu baki.

Haukupita muda, sheria ikamgeukia. Mwenye nyumba alitaka kubomoa vile vyumba ajenge ghorofa la ofisi za mawakili. Yaani fundi wa mawakili atoke, ili mawakili wapate pa kukaa. Mkataba wa Leoleo ulikuwa bado na miaka miwili mbele, lakini mwenye nyumba alisema fundi ameuvunja kwa kupokea wateja mpaka usiku, akaenda mahakamani kuomba amtoe. Upande wake alimweka wakili mmoja mkongwe ambaye mjini walimwita Tarumbeta, kwa sauti. Tarumbeta alikuwa mteja wa Leoleo wa siku nyingi. Upande wa fundi alisimama mpwa wake, na hiyo ndiyo ilikuwa kesi yake ya kwanza.

"Mjomba, usiogope," alimwambia jioni ya kuamkia kesi. "Mkataba unasema wazi. Nikisikilizwa tu, tumemaliza."

"Mimi naogopa hiyo mikono," Mjomba akajibu. Mikono ya joho ilikuwa imemzidi kidogo, na hakutaka mwanawe aonekane kama aliyeazima. "Liache hapa nilipunguze. Kesho nakuja nalo."

Akalipunguza usiku uleule, akalipiga pasi, akalitundika kwenye msumari. Mpaka hapo alikuwa amefanya kila kitu sawasawa.

Asubuhi, hata hajafungua mlango vizuri, Tarumbeta huyo anaingia na joho mkononi. Lilikuwa limenaswa na mlango wa gari, likachanika kutoka begani karibu na kiuno.

"Fundi, niokoe. Unamjua hakimu wetu."

Nani asiyemjua. Hakimu yule alikuwa mtu wa taratibu, na wakili aliyesimama mbele yake bila joho aliambiwa maneno mawili, sikuoni na sikusikii, na kweli hakusikilizwa. Leoleo angeweza kuvuta muda. Angeweza kudai uzi umekwisha. Tuseme ukweli, wengi wetu tungesema uzi umekwisha, tena na rundo la uzi liko mezani. Yeye alilipokea lile joho, akavaa miwani, akakaa.

Tarumbeta alizungukazunguka chumbani akitazama saa. Akafika kwenye lile joho jipya msumarini, akashika mshono kwa vidole viwili.

"La binti hili?"

"La binti. Nakwenda nalo."

"Umelishona vizuri mno," Tarumbeta akasema, na alisema kwa moyo.

Kazi ilipokwisha muda ulikuwa umekwisha pia. Tarumbeta akalivaa palepale, akajigeuza mbele ya kioo, akaridhika. Wakatoka mbiombio wote wawili, wakili wa mdai na mdaiwa kama ndugu wa tumbo moja. Wakili akashika mlango, fundi akapiga kufuli. Njia nzima Leoleo alikuwa anatazama ule mshono wa bega ukitembea mbele yake, akiuona umenyooka. Kama Tarumbeta alikumbuka njiani akanyamaza, hilo analijua mwenyewe.

Waliingia hakimu akiwa tayari anakaa, na kesi yao ikaitwa ya kwanza. Mpwa akageuka akanyoosha mkono.

"Mjomba, joho."

Leoleo akaitazama mikono yake mitupu. Joho lilikuwa bado msumarini, nyuma ya kufuli.

Binti akasimama hivyohivyo, na suti yake na kola yake nyeupe. "Mheshimiwa hakimu, mimi kwa niaba ya mdaiwa..."

"Wakili, sikuoni."

"Mheshimiwa, naomba dakika chache tu. Joho langu lipo karibu."

"Wala sikusikii. Wakili wa mdai?"

Tarumbeta akainuka. Joho limemkaa vizuri, hata mchaniko hauonekani. Akasema kesi hii imeshaahirishwa mara mbili, mteja wake anaumia, na utaratibu ni utaratibu.

Leoleo akasimama kule nyuma kutaka kusema, karani akamwashiria akae. Mtu mwenye wakili hasemi mwenyewe, husemewa. Na wakili wake haonekani. Mle ndani siku hiyo hapakuwa na wakili mwingine wa kuazimwa joho. Kwa hiyo kisheria upande ule wa chumba ulikuwa mtupu, ingawa watu wawili walikuwa pale.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Kabla ya kuandika, alimgeukia Tarumbeta. "Mwenzako amesema joho lake lipo karibu. Wewe unajua lolote?"

Tarumbeta akafikiri kidogo. "Mheshimiwa, sijui lolote kuhusu joho la mwenzangu."

Sauti yake siku hiyo ilikuwa ndogo kuliko kawaida. Hakimu akaandika. Mpangaji ahame ndani ya mwezi mmoja.

Nje, kwenye ngazi, binti alilia na kusema atakata rufaa.

"Kata, mwanangu," Mjomba akamwambia. "Kukata ndiyo kazi yetu sisi." Akajaribu kucheka, kicheko kikakataa. Alikuwa na hasira na Tarumbeta, lakini alikuwa na hasira zaidi na mikono yake mwenyewe.

Rufaa ikaingia foleni, na mpaka leo inasubiri zamu. Ghorofa halikusubiri mtu. Cherehani ilihamia kwenye ofisi ya mpwa, chumba kimoja juu ya duka la vioo, ikawekwa dirishani. Mtu alikuja kwa mambo ya talaka, akatoka na suruali imepunguzwa pindo. Biashara haikuwa mbaya. Jina la Leoleo likahama naye, na nguo ziliendelea kutoka siku ileile.

Basi asubuhi moja mlango ukafunguliwa, akaingia Tarumbeta. Siku hizi ofisi yake iko ghorofa ya tatu ya lile jengo jipya, na mlango wa lifti ulikuwa umemng'ang'ania joho mpaka mkono mmoja ukabaki unaning'inia. Alikuwa anahema.

"Fundi, niokoe tena. Nina kesi saa tatu, kubwa, na hakimu ni yuleyule wetu."

Leoleo akalichukua joho. Akavaa miwani, akaupitisha ule mchaniko wote taratibu vidoleni, akaona na mshono wake wa zamani wa begani, ambao bado ulikuwa imara. Kisha akalikunja vizuri, kola juu, akamrudishia mikononi.

"Njoo kesho," akasema.

Tarumbeta akacheka, akidhani ni utani. Akaona fundi ameshainamia kazi nyingine, kaptura ya mtu. "Kesho? Wewe ni Leoleo bwana. Kesho itanisaidia nini?"

Fundi akakata uzi. Tarumbeta akageukia meza ya pili, alikokuwa amekaa mpwa na mafaili yake.

"Mwenzangu, sema na mjomba wako."

Binti hakuinua kichwa. Alifunua ukurasa, akaulainisha kwa kiganja.

"Sijui lolote," akasema, "kuhusu joho la mwenzangu."

Tarumbeta akatoka na joho lake, wakasikia viatu vyake vikishuka ngazi kwa haraka. Leoleo akakanyaga cherehani. Alijisikia vizuri, vizuri kabisa, wala hakuona haya. Mwenye kaptura alikuja kuichukua kabla ya saa sita.