Skonzi Zangu na Mapanki ya Shemeji

Mtu akisema "si pipa tu" mbele yangu, mpaka leo naweza kumwacha na chai yake mezani nikaondoka. Maneno hayo aliyasema mume wangu, nyumbani kwetu Mkolani, Mwanza, mdogo wake akiwa amekaa pale pale anasikiliza.

Lilikuwa pipa, ndiyo. Kiwanda cha nguo kilipotupunguza, wenzangu walinunua marobota ya mitumba. Mimi nikachukua kiinua mgongo changu nikamtafuta fundi. Akalilaza pipa juu ya matofali, akalikata mlango, akalisiriba udongo ndani na nje ili lishike joto, akaacha nafasi ya makaa chini na bati la makaa juu. Hiyo ndiyo oveni yangu. Miaka ya foleni, unga wa ngano ulikuwa wa kubembeleza watu. Sasa wametuambia ni soko huria, unga upo, sukari ipo, hamira unapimiwa hata kijiko kimoja dukani. Nikasema haya, na mimi niingie sokoni. Nikawa nakanda skonzi za maziwa na iliki, laini, ukiibonyeza inainuka yenyewe. Walimu wa shule ya jirani wakawa hawanywi chai ya saa nne bila skonzi zangu.

Mdogo wa mume wangu alikuja kututembelea, eti wiki moja. Wiki moja, aa wapi! Akakaa mpaka akapata na shughuli, kukausha mapanki, yale mabaki ya sangara, vichwa na mifupa, viwanda vikishatoa minofu yao ya kupeleka Ulaya. Sikumdharau. Mapanki tulikula hata sisi, tena kwa ugali tukashiba. Lakini jamani, kila kitu na mahali pake.

Basi dada yangu akajifungua kule Sengerema, nikavuka ziwa kwenda kumsaidia. Niliporudi nikakuta uwanja umefagiliwa na oveni imeoshwa kwa sabuni, imekauka, haina doa. Nikamshukuru shemeji. Nilimshukuru kwa mdomo wangu huu! Nikikumbuka hapo natamani kujipiga kofi.

Maana wiki hiyo ndiyo mwalimu mkuu alikuwa ameniagiza skonzi za wageni kutoka wilayani. Aliniambia waziwazi, "Mama, wakizipenda hawa, shule nyingine nazo zitachukua kwako." Unaelewa maana yake? Mwanamke aliyepunguzwa kazi, anaambiwa shule nyingine nazo.

Asubuhi nikawasha. Unga umeumuka vizuri, juu nimepaka yai. Joto lilipopanda nikasikia harufu ya samaki. Sasa niambie, Mwanza hii, harufu ya samaki ni habari? Nikajua jirani anakaanga. Nikazitoa, rangi safi kabisa, nikazifunika kwa kitambaa zikiwa za moto nikakimbia nazo shuleni. Kumbe nilipokuwa Sengerema shemeji alikaushia mapanki yake humo, mafuta yakanywewa na ule udongo wa ndani, sabuni haikuyafikia. Moto ndio uliyafikia, yakapanda yote kwenye skonzi zangu.

Mgeni wa kwanza alimega, akanusa, akairudisha kwenye sahani polepole. Wa pili akauliza, "Hii ni skonzi au sangara?" Wakacheka wote. Mwalimu mkuu hakucheka. Alinifuata mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Mama, chukua tu vitu vyako." Nikarudi na beseni langu la skonzi kichwani.

Nyumbani nikafungua mlango wa oveni. Loo! Mapanki yamepangwa humo upya, yanangoja moto wa jioni. Shemeji hata hakuona haya. "Kaka aliniruhusu, shemeji."

Nikamgeukia mume wangu. Ndipo akasema, "Si pipa tu? Osha tena. Siku hizi ruksa, kila mtu anatafuta riziki."

"Ruksa ya kuingia kwenye oveni yangu kaitoa nani? Nilikesha kiwandani zamu za usiku na wewe?"

"Nyumba ni yangu," akasema, "na kilichomo uani ni changu."

Nilikwenda kuleta gunia la mkaa, nikajaza chini, nikajaza juu, nikawasha, mapanki yakiwa humo humo. Nikafunga mlango nikapepea. Moshi ukatanda mpaka majirani wakachungulia. Oveni iliyoingia mafuta dawa yake ni kuichoma tupu mpaka udongo uwe mwekundu. Mimi nikaichoma na mali ya mtu ndani.

"Shemeji, mtaji wangu huo!" akapiga kelele.

"Na wangu je?"

Mume wangu akatoka na kanga yangu puani kwa moshi. "Mama watoto, hasira hasara."

"Hasara ilitangulia," nikamwambia. "Hasira imekuja kuizika tu."

Kesho yake asubuhi shemeji akakaa mezani kama kawaida akauliza, "Skonzi za kwetu zipo?" Nikamletea chai, na kwenye sahani nikamwekea panki lake moja, jeusi tii. "Karibu, shemeji." Aliondoka siku hiyo hiyo. Oveni hakuigusa mtu mwingine tena.

Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshahamishia oda yake kwa mwenye duka la mikate mjini. Shule nyingine, wala usiulize. Nikaanza upya pembeni mwa barabara, na beseni langu na kitambaa cheupe. Skonzi zilikuwa safi, naapa, harufu yake iliki tupu. Na bado kila mtu aliyesimama pale, kabla hajatoa hela, alichukua skonzi moja, akaisogeza puani, akainusa huku ananitazama.