Shahada ya Binti wa Thraso

Thraso aliacha shule akiwa darasa la sita, siku baba yake alipomkabidhi jembe na kumwambia masomo yametosha. Kwao, karibu na mji wa Kozani huko Ugiriki, watu wanalima zafarani, na zafarani haichumwi kwa kusimama. Oktoba ikifika unainama kabla jua halijachomoza, unachuma maua ya zambarau moja moja, kisha nyumba nzima mnakaa mezani kuchambua nyuzi nyekundu hadi vidole vinageuka manjano.

Lakini kazi siyo iliyomuuma Thraso. Kilichomuuma ni karani wa benki aliyekuwa akimsemesha polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba anaongea na kiziwi. Kilichomuuma ni mwanasheria aliyewaandikia hati ya shamba, ambaye hakuwahi kumwambia aketi. Basi mkewe Zografia alipojifungua mtoto wa kike, na daktari akasema huyo ndiye wa kwanza na wa mwisho, Thraso alimpakata kichanga akasema, "Huyu hatainama."

Kumbe mtoto mwenyewe alipenda kuinama. Evanthia alikuwa na mkono mwepesi kuliko mama yake. Asubuhi za mavuno alikuwa wa kwanza kutoka nje, akiimba huku pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Alipokaribia kumaliza sekondari, siku moja wakila supu ya maharage, alisema:

"Baba, nataka kubaki."

"Kubaki wapi?"

"Hapa. Kuna kozi fupi ya kilimo mjini. Nikimaliza tulime pamoja, tulipanue lile shamba la juu."

Thraso aliweka kijiko chini. "Mjinga katika ukoo huu ni mimi peke yangu. Inatosha."

"Nani kakuita mjinga?"

"Wenzako wanalia usiku na mchana waingie chuo kikuu, wewe unalilia matope? Utasoma, Evanthia. Ukija kuzeeka utanishukuru."

Zografia akasema, "Msikilize kwanza mtoto." Thraso hakusikiliza. Shamba la juu, ambalo ndilo lililokuwa linatoa zafarani nzuri kuliko zote, liliuzwa kugharimia chuo. Evanthia akafanya mitihani, alama zake zikampeleka mji wa Thesaloniki kusomea akiolojia, elimu ya mambo ya kale. Thraso hakujua hasa ni kitu gani, ila neno lenyewe lilikuwa refu na zuri kutamka. Alikuwa akilitamka mkahawani kijijini kila apatapo nafasi, na kila mara alilisema taratibu ili wasilikose.

Masomo yalichukua miaka mingi kuliko walivyotarajia, maana huku anasoma huku anafanya vibarua. Siku ya mahafali Thraso alivaa suti iliyombana kwapani, akalia waziwazi wanafunzi walipokula kiapo cha wahitimu. Picha ya binti yake ameshika shahada aliitia fremu akaitundika sebuleni, mahali pa picha takatifu ya Mtakatifu Nikola. Zografia alimhamisha mtakatifu hadi jikoni, akifunga mdomo kwa hasira.

Halafu kazi haikupatikana. Makumbusho hayakuwa yanaajiri. Evanthia alipata kiangazi kimoja cha kuchimba na kuosha vigae vya kale, kiangazi kikaisha na kazi ikaisha. Hatimaye akapiga simu nyumbani, wala hakuficha kitu.

"Baba, nimepata kazi ya kuhudumia wateja kwenye mgahawa, huku karibu na soko."

Thraso alihamishia simu sikio la pili.

"Au nirudi? Kwa kweli ningependa kurudi. Mama kachoka, na wewe mgongo unakusumbua."

"Urudi? Nimeuza shamba ili urudi? Watu watasema nini? Kaa hukohuko, kitu kitatokea."

Kesho yake mkahawani mtu akamuuliza, "Eh, Thraso, msomi wako yuko wapi siku hizi?" Naye, kabla hajafikiri, akajibu, "Yuko makumbusho." Neno likishatoka halirudi kooni. Wiki iliyofuata ilibidi aeleze anafanya nini huko makumbusho. Mwezi uliofuata Evanthia alikuwa msimamizi wa chumba cha dhahabu. Kufika Krismasi alikuwa ametembeza mawaziri.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, chama cha ushirika kilipeleka wajumbe Thesaloniki kwenye maonyesho ya kilimo. Kila kijiji kilitoa mmoja, na kijiji cha Thraso kilimtoa yeye. Ndani ya basi alikaa na Polikroni, mjumbe wa kijiji jirani, pande la mtu mwenye sauti ya kuamsha wafu. Mtoto wa Polikroni aliacha chuo mwaka wa pili akarudi kuendesha trekta, na kwa muda mrefu Thraso alikuwa akimpa pole kwa jambo hilo, pole yenye miba. Njia nzima Thraso alisimulia chumba cha dhahabu.

Mchana wakatafuta chakula. Mmoja wao alijua mgahawa mzuri karibu na soko. Thraso aliposikia neno soko alishtuka, kisha akajituliza kwamba soko lile limezungukwa na migahawa isiyo na hesabu. Ule wa binti yake uliitwaje? Hakujua. Hakuwahi kumuuliza.

Walikuwa wameshakaa, mkate na zeituni viko mezani, Evanthia alipotokea mlango wa jikoni na karatasi ya kuandikia maagizo. Nywele kazifunga nyuma, aproni ina doa la mafuta. Alimwona baba yake na uso ukamchanua. Alifungua mdomo amwite.

Thraso akainamisha macho kwenye orodha ya vyakula.

Alikuwa akisoma bei za samaki kana kwamba ameambiwa atafanyiwa mtihani. Alisikia viatu vya binti yake vikikaribia, vikasimama. Kisha ile sauti aliyoizoea tangu ilipokuwa ya kulilia maziwa ikasema, "Karibuni, wageni. Niwaletee nini?"

Wakaagiza. Alipoleta sahani, nne kwa mpigo mikononi, Polikroni alimtazama juu hadi chini.

"Binti, kazi ngumu hii, sivyo?"

"Tumezoea, mzee."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

Evanthia akanyoosha kitambaa cha meza. Polikroni akampiga Thraso begani. "Maana huyu bwana hapa binti yake kasoma, yuko makumbusho, anashika dhahabu tupu. Mwambie huyu dada, Thraso! Ungesoma kama mwenzio, binti, usingebeba sahani."

Meza nzima ikacheka. Na Thraso, Mungu amsamehe, naye akacheka. Kicheko kilitoka chembamba, kama cha mtu mwingine.

"Kweli, mzee," Evanthia akasema, akiiweka sahani ya baba yake mbele yake taratibu. "Laiti ningesoma."

Thraso alikula samaki yule bila kujua ladha yake. Wakati wa kuondoka alijichelewesha, akasukuma noti chini ya sahani, noti kubwa kuliko iliyostahili. Walikuwa wameshavuka barabara aliposikia hatua za kukimbia nyuma yao.

"Mzee! Mzee, umesahau hela yako mezani."

Akamtia noti mkononi mbele ya wote. Mkono wake ulikuwa na maji ya kuoshea vyombo. Hakumtazama usoni, akageuka akarudi zake.

Ndani ya basi wenzake waliimba njia nzima. Thraso aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akafumba macho, akijisingizia usingizi.

Nyumbani hakusema kitu. Lakini simu za Evanthia zikaanza kuja saa ambazo Thraso yuko shambani, na akiingia Zografia alikuwa anaaga. Oktoba ikafika. Kila mwaka, hata alipokuwa chuoni, Evanthia alirudi kwa mavuno. Mwaka ule hakuja. Wakachuma wawili wao, na maua mengi yakawanyaukia shambani.

"Umemfanya nini mtoto?" Zografia akamuuliza jioni moja, vidole vyake vya manjano vikiwa juu ya lundo la maua. "Yeye kakataa kusema. Nataka nisikie kwako."

Akamwambia yote, hadi kicheko. Zografia hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Ulicheka," alisema tu. "Ungekaa kimya ningekuelewa. Lakini ulicheka."

Mavuno yalipoisha Thraso alipanda basi peke yake. Evanthia alimkuta amekaa kwenye ngazi za nyumba aliyopanga, kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Alimpandisha juu, akamchemshia kahawa. Thraso alikuwa ameandaa maneno njiani, lakini yote yakampotea.

"Nisamehe, mwanangu. Niliona aibu."

"Najua. Ndiyo maana sikukuita baba."

"Si aibu juu yako..."

"Juu yangu, baba. Tusidanganyane, umetoka mbali." Alikaa kitandani, maana kiti kilikuwa kimoja. "Mimi sijawahi kuona haya mbele yako kwa kubeba sahani. Hata siku moja. Nilikwambia kwenye simu siku ileile. Lakini siku ulipocheka, nilirudi jikoni nikajiona takataka. Mpishi aliniuliza nalia nini, nikamwambia vitunguu."

Thraso aliikodolea kahawa yake.

"Basi masomo yale yote yalikuwa bure," akasema. "Nilikupotezea ujana. Na shamba."

"Nani kasema bure?" Sauti ikampanda kwa mara ya kwanza. "Niliyapenda masomo yale! Ulishawahi kuniuliza nilisoma nini? Nikikuonyesha kigae, naweza kukwambia walikuwa wanapikia nini ndani yake. Hilo ni langu, hakuna wa kuninyang'anya. Lakini wewe hukunipeleka nikajue vyungu. Ulinipeleka ili mwanasheria akukaribishe kiti."

Thraso alijua ndiyo kweli yenyewe. Alipomwomba arudi nyumbani, Evanthia alitikisa kichwa. "Leo unaniita kwa sababu unajuta. Nikija kwa hiyo, nitakuwa tena kitu cha kukutuliza wewe. Acha kwanza."

Kilichobaki Thraso alijua ni nini. Katika kikao cha ushirika kilichofuata aliomba kusema. Akasema binti yake hajawahi kufanya kazi makumbusho, kwamba mhudumu wa siku ile alikuwa ndiye yeye Evanthia, na kwamba yeye baba yake alijifanya hamjui.

Wengine wakatazama viatu vyao. Polikroni akakohoa.

"Thraso, keti. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ana pua yako, bwana wee! Pua kama ile ziko mbili tu Ugiriki nzima." Hakuna aliyecheka. "Nilimwona alivyokutazama, nikajua. Ulikuwa umenichosha na pole zako kuhusu mwanangu. Nikasema leo nitambana mpaka aseme huyu ni wangu. Nilidhani utasema. Kila neno nilingoja useme." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ulipocheka, hata mimi chakula kilinikwama. Nimemtukana mtoto wa watu ili nikukomoe wewe. Sijalala vizuri tangu siku ile."

Wakarudi kwenye viti vyao, wazee wawili, kila mmoja na yake.

Evanthia hakurudi kuishi kijijini. Bado yuko Thesaloniki, bado mgahawani, na mara mbili kwa wiki anawatembeza watoto wa shule penye magofu na kuwaeleza habari zake. Mavuno yaliyofuata alikuja kwa siku chache. Alichuma mstari wa mama yake, si wa baba yake. Walipokula pamoja alimwita baba, na Thraso kila akiitwa hivyo alishtuka kidogo, kama mtu aliyepewa kisicho haki yake.

Kiangazi kilichopita mjukuu wa kike wa Polikroni, mtoto wa binti yake mkubwa, alifaulu mitihani ya kuingia chuo kikuu. Nyumbani kwao wakagawanyika, nusu wanataka aende, nusu wanasema ni kupoteza fedha na miaka. Polikroni akaja hadi kwa Thraso, safari hii sauti yake iko chini.

"Niambie kweli, wewe uliyepitia. Inafaa?"

Zamani Thraso angezungumza hadi kahawa ipoe.

"Usiniulize mimi," akasema. "Mimi nililipa tu, sikusoma. Na msichana mwenyewe anatakaje?"

Polikroni akafikiri. "Sijui. Hatujamuuliza."

"Basi muulizeni. Kisha mpeni namba ya Evanthia, azungumze naye."

Wasichana hao wawili walizungumza kwa simu jioni nzima. Waliambiana nini, Thraso hajui mpaka leo. Alitamani sana kuuliza, akaona hana uso wa kuuliza, akatoka nje kung'oa magugu.