Pampu Ndani ya Kisima

Siku ya kwanza shambani niliogopa nyungunyungu. Afisa kilimo wa kata alichota udongo, akanionyesha mdudu yule akijipinda kiganjani mwake, nami nikarudi nyuma. Mume wangu, Karisa, alicheka, lakini yeye mwenyewe alikuwa amelishika jembe kama mwiko. Mimi nilizaliwa Magongo, kwenye nyumba za kupanga. Baba yangu alikuwa kuli bandarini. Karisa alikuwa mpishi na mimi dobi katika hoteli moja. Ilipofungwa, tukaja Utange kulima mboga kwenye kiwanja tulichokuwa tumekiweka cha kujengea nyumba.

"Huyu ndiye mfanyakazi wenu," afisa akatuambia. "Mkinyunyiza sumu, mtamuua yeye kwanza."

Ndivyo tulivyoanza kilimo hai, yaani kulima bila mbolea wala dawa za viwandani. Tulirundika majani, samadi ya mbuzi na majivu, tukavigeuza mpaka vikaoza kuwa mboji. Juu ya matuta tulitandaza nyasi kavu ili jua lisiunyonye udongo; hayo huitwa matandazo, na nyoka huyapenda sana. Wadudu tuliwanyunyizia maji ya mwarobaini. Kila asubuhi nilifunua majani ya sukuma wiki kwa hofu, maana vidukari, wadudu wadogo wafyonzao majani, wakishaingia hawakuachii kitu.

Lakini hofu ninayotaka kuwasimulia, ninyi mnaoanza kazi hii, ni ya kisima.

Mwaka mmoja masika hayakuja. Maji yalishuka hata pampu yetu ya petroli, iliyokaa juu ya ardhi, ikashindwa kuyavuta. Mchicha ukaanza kulala. Karisa akaamua kuiteremsha pampu ndani, aiweke kwenye kibao cha jiwe kilichochongwa ukutani mwa kisima. Nikamwambia sitaki. Akanijibu kwamba mboga zikifa tutarudi kubisha milango ya hoteli, na hoteli zenyewe hazina kazi. Nilimbembeleza jambo moja tu, ajifunge kamba kiunoni. Alikubali ili ninyamaze.

Pampu ilinguruma, maji yakapanda. Kisha injini ikaanza kukohoa, na Karisa akashuka kuitazama. Nilimsikia akisema kichwa kinamuuma. Nikamwita, hakuitika. Nikapiga ukelele, nikaanza kushuka.

Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia kisimani nilipokamatwa kwa nyuma. Alikuwa Mzee Athumani, jirani yetu, ambaye kuchimba visima ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Niache, mzee. Mume wangu yuko chini."

"Hushuki, mwanangu. Huko hakuna hewa, kumejaa moshi wa injini. Shika kamba tuvute."

Tukavuta. Kamba ilinichuna viganja na mtu hapandi. Mafundi waliokuwa wakijenga ng'ambo ya njia wakaja mbio, wakashika nasi. Karisa alitoka amelegea kama shuka iliyolowa. Mzee Athumani akamlaza penye upepo, akampulizia pumzi mdomoni, akangoja, akampulizia tena. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, sithubutu kumgusa. Alipokohoa ndipo nilipomshika.

Alipona, ila mikono yake ilibaki ikitetemeka, asiweze tena kushika kisu cha kukatia mboga. Matuta mengi yalikauka. Machache yaliyosalia niliyamwagilia kwa ndoo, na kila nilipoinama kuchota nilihisi kisima kinanivuta.

Sasa nimestaafu. Shamba analiendesha binti yetu, Dama, kwa pampu ya umeme wa jua isiyo na moshi. Huniambia, kwa heshima, kwamba hakuna tena cha kuogopa. Simbishii. Ninyi nawaambia hili: injini ya petroli haishuki kisimani, hata mboga zote zikikauka mbele ya macho yenu.

Karisa hushinda barazani akichambua mchicha polepole. Nikimwita kutoka jikoni asiitike, huacha chungu motoni nikaenda. Mara nyingi huwa amesinzia tu. Mimi husimama pale, nisimwamshe, nikamsikiliza anavyopumua.