Meza ya Kusoma na Meza ya Kubonyeza

Siku ya kwanza nilifika ofisini nimevaa tai, nikiamini nimeitwa kuwa karani. Miaka mingi nilikuwa nimeandika vifaa vya ghala kwenye karakana moja ya mgodi, na shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari. Direkta alinikalisha mbele ya kompyuta akasema, "Papa Ilunga, kazi yako hapa ni kuharibu."

Nilidhani ananipima adabu. "Nitaichunga vizuri, Direkta."

"Hapana. Uharibu. Ukishindwa kuharibu, njoo uniambie."

Ofisi yetu, pale Likasi, ilitengeneza programu ya kuandika bulteni, yaani karatasi za matokeo ya wanafunzi, kwa shule za mjini na za Kakanda na Buluo. Niliogopa kuharibu jina la mtoto wa mtu, nikajiandikisha mwenyewe: miaka hamsini na moja, darasa la kwanza la msingi. Kompyuta ilinipokea bila swali. Nikajipa alama, ikanipandisha darasa la pili na kunipongeza. Direkta alicheka mpaka akavua miwani. Hilo ndilo kosa la kwanza nililolikamata. Sikumwambia kwamba nilifurahi kidogo, maana hesabu zilinishinda tangu utoto.

Kazi ile iliitwa jaribio la utendaji. Huifungui programu kuona ilivyoshonwa ndani. Unabonyeza kama mwalimu wa kawaida atakavyobonyeza, kisha kama mwalimu mchovu, kisha kama mwalimu mwenye hasira, unatazama inatoa nini. Upande wa pili wa chumba kulikuwa na meza ya ukaguzi. Pale programu ilichapwa kwenye karatasi, ikasomwa mstari kwa mstari kwa sauti, na aliyeiandika, Injinia wetu, alikatazwa kujitetea. Aliyeisimamia ni Mama Ngalula, mwalimu wa zamani wa darasa la kwanza. Mambo ya programu alijifunzia palepale mezani, lakini mstari asiouelewa hakuuacha upite.

"Weye Injinia, hapa unasema kama jina haiko, endelea. Unaendelea kwenda wapi bila jina?"

"Mama, ile iko na maana ya..."

"Nyamaza. Karatasi njo inajibu, haiko weye."

Lazima niseme ukweli: sisi wa kubonyeza tuliiona meza ile kama mahali pa kungojea umeme. Umeme ulikatika karibu kila siku. Wengine walisema maji ni machache kwenye bwawa la Mwadingusha, wengine walisema nyaya. Mimi sijui, sitamsingizia mtu. Ukikatika, Direkta hakuvumilia kuona watu wamekunja mikono. Aligawa karatasi, tukasogeza viti dirishani, tukasoma. Ukirudi, tulimwacha Mama katikati ya sentensi.

Kisha Direkta akafunga paneli za jua na betri. Tulishangilia, mimi wa kwanza. Tangu siku ile umeme haukukatika ofisini, nasi tukabonyeza tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyefuta ukaguzi. Ulikosa tu saa yake. Mama Ngalula akabaki kupasha chai.

Baada ya miezi kadhaa Direkta aliniita. "Papa, weye njo mukubwa wa majaribio. Uniandikie ukurasa moja: Mama Ngalula tuko na lazima naye, ao hapana? Kama hapana, mwisho wa mwezi aende kupumzika."

Nilijua Mama analea wajukuu wanne kwa kazi ile. Lakini sikutaka kuandika kwa huruma, maana huruma yangu hukosea mara nyingi, wala kwa kiburi cha meza yangu. Nikafungua daftari langu la kila siku. Humo nilikuwa nimeandika kila kosa na mahali lilipopatikana. Kosa lililoonekana kwenye karatasi liliponywa kwa kalamu. Lililoonekana kwenye kompyuta lilikula alasiri ya Injinia. Lililofika shuleni lilinila mimi: siku nzima juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno, na mkuu wa shule ananingoja na maneno yake. Nikaona kwamba tangu paneli zifike, safari hizo zimezidi. Kwanza nililaumu barabara. Halafu nikawalaumu wakuu wa shule. Halafu nikajiambia labda nimehesabu vibaya.

Wiki hiyohiyo nikaitwa Kakanda. Mama mmoja alinipokea getini, ameshika watoto wawili na bulteni moja.

"Papa wa kompyuta, minye nilizala batoto ngapi?"

"Naona wawili, Mama."

"Sasa mashini yako inaona moja. Huyu mwengine nimuzale tena?"

Walikuwa mapacha, Mbuyi na Kabanga, kama wanavyoitwa mapacha wengi wa familia zetu za asili ya Kasai. Programu ilimtambua mtoto kwa jina la baba na siku ya kuzaliwa, basi ikawakunja wawili wakawa mmoja na kujumlisha alama zao. Mbuyi alikuwa wa kwanza darasani kwa asilimia mia moja na thelathini. Kabanga hakuwepo popote, na alikuwa analia.

Miezi mitatu niliijaribu programu ile, na kila mwanafunzi wangu wa kubuni nilimpa siku yake ya kuzaliwa, safi kabisa. Mke wangu mwenyewe ni Kabanga, pacha wa pili kwao. Nyumbani sikuhadithia.

Niliporudi sikumwambia Mama Ngalula lolote. Nilimpa kurasa sita za programu azisome. Ndani yake mlikuwa na kosa la mapacha, na jingine tulilokuwa tumelikamata kwa kubonyeza: darasa likiwa na wanafunzi hamsini kamili, printa ilimwacha wa mwisho. Chai yake haijapoa, akapiga mstari mwekundu.

"Huyu aliandika hii, kwabo habajazala mapacha?"

Nilitaka kuruka. Kisha akafika kwenye darasa la watoto hamsini. Alisoma mara tatu. "Hii iko muzuri," akasema, akafunga karatasi.

Nilikaa na ukurasa wangu siku mbili. Nikiandika la mapacha tu, Mama anabaki. Nikiandika yote mawili, Direkta, ambaye ni mtu wa haraka, anaweza kushika lile la pili na kumwondoa. Mwishowe nikampelekea Mama mwenyewe.

"Unaogopa nini, Papa Ilunga?"

"Hapa nimesema ulikosa."

"Sikukosa?"

"Ulikosa, Mama."

"Basi andika. Sijapata kumupa mutoto pointi ya bure, leo weye unipe minye?" Akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha maneno yangu matatu, akanirudishia.

Direkta alisoma amesimama. "Kumbe Mama haoni yale munaona, na nyinyi hamuoni yale anaona."

"Ndivyo daftari linavyosema, Direkta. Labda linakosea."

"Na byote ilianza wakati nilileta paneli?"

Nilimsogezea daftari. Sijui njia ya heshima ya kumjibu mkubwa swali kama hilo.

Akaamuru Mama abaki, na asubuhi za Jumanne na Alhamisi ziwe za kusoma. Wiki ya kwanza hakuna aliyeacha kompyuta yake, hata mimi. Wiki ya pili Direkta alikwenda ukutani, akashusha swichi kubwa. Kompyuta zote zikazima. "Delestaje," akatangaza, neno letu la mgao wa umeme. "Mama Ngalula, anza." Mji mzima unaomba umeme, sisi tunajikatia. Jirani yetu mshonaji alichungulia dirishani. "Pole, bandugu. Hata jua nayo imekatika?"

Safari zangu za pikipiki zilipungua, ingawa sidai sababu ni hiyo peke yake. Mwaka ule barabara nayo ilitengenezwa kidogo.

Vijana mnaofanya kazi hii hupenda kuniuliza kipimo: kusoma kiasi gani, kubonyeza kiasi gani. Sijui. Asubuhi mbili zilitutosha sisi. Pengine tatu zingefaa zaidi, na pengine moja. Ninachowaomba ni kuandika kila kosa lilipopatikana, hata likiwaaibisha, kisha daftari liwaambie ni meza ipi imelala.

Siku ya kustaafu nilikwenda kuaga Jumanne asubuhi. Mama Ngalula aliinua mkono bila kuinua macho. "Ngoja, Papa. Tumalize ukurasa." Nikasimama mlangoni na mfuko wangu. Walikuwa wanasoma orodha ya majaribio niliyomwachia atakayeshika nafasi yangu. Kwenye mstari wa saba akasimama.

"Papa Ilunga, hapa unasema ajaribu tena mpaka mashini ikubali. Na kama inakubali uongo?"

Nikavuta kiti, nikavua koti, nikaomba kalamu. Nilistaafu alasiri badala ya asubuhi.